Namna ya Kutengeneza Katuni Isiyofaa kwa Watoto, Ukiwa Newala

Jambo la kwanza ni kuwaondoa watoto. Tamka tu mbele ya watu wa Masasi kwamba unatengeneza katuni, na kabla hujavuta pumzi mama mmoja atakuwa ameshamsukuma mwanawe mbele aje kukuona, na mwalimu mstaafu ameshauliza itafundisha nini: kunawa mikono au kujumlisha? Usiwalaumu. Kwa miaka mingi kila mchoro uliotembea kwenye televisheni zetu umetembea kwa ajili ya wenye daftari. Ubongo Kids walianza kurusha vipindi vyao kutoka Dar es Salaam mwaka 2014 wakifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, nao wameifanya kazi hiyo vizuri mno, kiasi kwamba leo mtu mzima akikutwa peke yake anaangalia katuni, ndugu zake wanaitana pembeni.

Kwa hiyo usiseme katuni. Sema "filamu ya majaribio". Hakuna atakayeuliza zaidi, maana mikoa yote ya kusini inajua kuwa majaribio ni mambo ya watafiti wa korosho wa Naliendele, na kwamba matokeo yake huchukua miaka.

Sasa tuelewane ni filamu ya namna gani. Mwaka 1973 Mfaransa René Laloux na mchoraji Roland Topor walitoa La Planète sauvage, ambamo majitu ya rangi ya buluu yanawafuga binadamu majumbani, yanawavisha nguo za kuchekesha na kuwafunga mikanda shingoni. Cannes wakaipa tuzo maalumu. Jan Švankmajer wa Prague, ambaye wakubwa wa nchi yake walishamzuia asitengeneze filamu kwa miaka kadhaa, alirudi na mwaka 1982 akatoa kazi ambayo vichwa vilivyoundwa kwa mboga na vyombo vya jikoni vinamezana, vinatapikana, kisha vinamezana tena, mpaka vyote vikabaki na sura moja. Hakuna wimbo wa alfabeti. Hakuna sungura anayejifunza kusema asante. Ukiuliza mwisho wake maana yake nini, wenye filamu wanakutazama kwa huruma.

Ukishasimulia hayo, nenda kayasimulie upya mbele ya mzee mchongaji wa Uwanda wa Makonde, kama utabahatika kumpata. Wengi walishashuka Dar, wakaketi Mwenge wanawauzia watalii. Mzee ameshika tezo. Ganda jeupe la mpingo limeshatoka, ndani kumebaki weusi unaong'aa. Anaanza na jicho, moja tu, kubwa. Mdomo unaanzia sikioni unateremka hadi gotini. Mguu ni mmoja, vidole viwili. Tumboni anatoboa tundu la kupitisha mkono, na kwenye hilo tundu anachungulia mwingine, mdogo, naye ana meno. Unamuuliza ni nini hicho. Shetani. Anafanya nini? Mzee anapuliza vumbi la mti kwenye goti lake na kukujibu kwamba anakuangalia.

Hapo ndipo unapotakiwa kuona haya kidogo, halafu uendelee na mwongozo.

Kuhusu kuchagua wahusika

Usichukue twiga. Twiga ameshachukuliwa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, jirani zetu wa njia hiyo ya magharibi, alichora wanyama wake kwa rangi za mafuta kwenye vipande vya hadibodi mpaka alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Mwaka 2010 studio moja ya Nairobi, Homeboyz, ikishirikiana na Waingereza wa Tiger Aspect, ikawatoa wanyama wa mtindo huo kwenye televisheni ya watoto ya BBC kwa jina la Tinga Tinga Tales. Ni kazi safi, yenye rangi za kupendeza, na kila kipindi kinaeleza kwa nini mnyama fulani yuko vile alivyo. Kwetu sisi hapo ndipo tatizo linapoanzia. Filamu ya aina yetu haielezi kwa nini tembo ana mkonga. Inamwondolea mkonga, inaupeleka sokoni, halafu inamrudishia simu.

Chukua wahusika wa George Lilanga. Huyu ni wa kwetu kabisa: Mmakonde aliyezaliwa Masasi mwaka 1934, akajifunza kuchonga kwenye muhogo kabla ya kuaminiwa na mti mgumu. Alipofika Dar es Salaam miaka ya 1970 alipata kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi gani? Ya ulinzi. Alilinda sanaa za wenzake usiku mpaka walipogundua kuwa mlinzi anachora kuliko wanaolindwa. Mashetani yake yana masikio mapana, ndimi nje, matumbo mbele na miguu ya vidole viwili, na yote yana shughuli: yanatwanga, yanakunywa, yanabebana, yanacheza ngoma, yanagombana. Rangi zimejaa bapa bila kivuli, mistari ya pembeni myeusi, madoadoa kila mahali. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya programu ya uhuishaji atakwambia kuwa michoro hiyo imeshafanyiwa nusu ya kazi. Keith Haring wa New York, yule wa vikaragosi vinavyocheza ukutani, anatajwa miongoni mwa wasanii waliovutwa na kazi za Lilanga. Lilanga alifariki mwaka 2005, na mashetani yake yanaendelea kuuzwa Ulaya yakiwa yamesimama kimya, jambo ambalo hayakuumbwa kulifanya.

Kama huna ujasiri wa kumgusa Lilanga, vunja kitu. Hii ni mbinu halali na ina historia. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetokea Msumbiji, alivunjikiwa mkono wa sanamu aliyokuwa akiichonga. Badala ya kuitupa alisawazisha palipovunjika, akaipeleka kwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago Dar es Salaam. Peera hakudai punguzo la bei. Alitaka nyingine za namna hiyo. Basi likazaliwa tawi zima la uchongaji, mashetani ya Kimakonde, ambalo maprofesa wameshaliandikia vitabu. Funzo kwa mtengenezaji filamu liko wazi: mhusika wako akikatika mguu katikati ya kazi, usimtafutie gundi. Muulize mguu unakwenda wapi.

Usijidai wa kwanza

Kosa linalowapata vijana wengi wakishashika kamera huku juu ni kudhani wamefika mapema. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado vinafuka moshi, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipanda hadi Masasi na Newala akiwa na mashine ya kupiga picha za filamu na nyingine ya kunasa sauti. Alipiga picha ngoma, alinasa nyimbo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka kila kitu, aliwagawia wapagazi wake na wenyeji karatasi na penseli akawaambia wachore. Michoro hiyo aliichapisha.

Hebu hesabu vilivyokuwa kwenye msafara ule: kamera, sauti, wachoraji, na ngoma za watu waliovaa nyuso zisizo zao. Mwaka huohuo wa 1906, huko Marekani, J. Stuart Blackton alichora nyuso kwa chaki ubaoni, akazipiga picha moja baada ya nyingine zikakonyeza na kutoa moshi wa sigara, na hiyo huhesabiwa miongoni mwa katuni za kwanza kabisa duniani. Blackton alikuwa na ubao na chaki. Weule alikuwa na Newala nzima. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kumgusa bega yule bwana na kumwambia: hizi karatasi na hiyo mashine, vikutanishe. Akafungasha, akarudi Leipzig, nasi tukasubiri miaka tele mpaka simu ya mkononi ilipofika.

Vifaa, na subira

Simu hiyo inatosha. Ifunge kwenye kigoda kwa mpira wa baiskeli isitikisike, pakua programu ya kupiga picha moja moja, na uwakataze watu wa nyumbani wasikupigie. Jicho la binadamu hudanganyika vizuri kwa picha 24 kwa sekunde. Wasio na mfadhili hutumia 12, na mashetani kwa kuwa hayatembei sawasawa tangu zamani, 12 zinayatosha. Dakika moja ni picha 720. Filamu ya dakika tano ni picha 3,600, na katikati ya kila picha na nyingine unasogeza kidole kimoja cha shetani kwa unene wa ukucha. Usianze kazi hiyo wakati wa kupalilia.

Mwili wa mhusika uuchonge kwa muhogo, kama Lilanga alivyoanza. Faida ya muhogo ni kwamba unaoza wenyewe. Siku ya pili ngozi imeshaanza kuingia mistari ya buluu na nyeusi, siku ya tatu uso umejikunja, na wewe hujagusa kitu; unapiga picha tu. Ukitaka kinachodumu, tumia udongo wa wafinyanzi. Ukitaka kikubwa, tumia nyumba. Wachile wawili, Cristóbal León na Joaquín Cociña, walitoa La Casa Lobo mwaka 2018 kwa kuchora watu ukutani wakubwa kama walivyo, kuwapiga picha, kuwapaka rangi juu yake na kuwachora upya hatua moja mbele, mpaka kuta na samani zenyewe zikawa zinatembea. Newala ina nyumba za udongo za kutosha na chokaa ni rahisi. Mwombe mwenye nyumba kwanza. Atakapoona bibi yake aliyetangulia akitokea ukutani na ndonya yake mdomoni, akipita juu ya mlango na kuingia kwenye dirisha, si vizuri iwe ndiyo mara yake ya kwanza kusikia habari za mradi.

Mandhari usiyatengeneze, yapo. Pale Newala kuna Shimo la Mungu, ukingo ambapo uwanda unakatika ghafla na nchi inaporomoka kuelekea Ruvuma. Asubuhi ukungu ukilijaza huoni kama kuna dunia ng'ambo. Masasi kuna milima ya mawe matupu iliyochomoza katikati ya tambarare bila maelezo yoyote. Na katikati ya mwaka amka kabla ya jua uende kwenye mikorosho. Utawakuta watu wamejifunga kanga na matambara usoni, mashine mgongoni zikinguruma, wanapuliza salfa wakati upepo umelala. Vumbi la njano linapanda matawini, mti unapotea, mtu anapotea, unabaki mngurumo na jozi ya gambuti zinazotembea zenyewe. Kuna waongozaji wa filamu wa Ulaya waliokesha miaka kutafuta picha hiyo kwa kompyuta. Sisi tunaiona tukienda shamba na kinachotushughulisha ni bei ya mfuko.

Sauti irekodi jikoni. Korosho zikibanguliwa karibu na simu, ukisikiliza gizani, ni mifupa. Hilo halihitaji studio.

Kuhusu fedha nitasema machache kwa sababu ni chache. Mwepuke mfadhili wa kangomba, yule anayekuja na laki mbili filamu ikiwa bado ua mtini, halafu msimu ukifika anabeba gunia lote. Na usikate tamaa kwa kuchelewa. Mmarekani Phil Tippett alianza kutengeneza Mad God mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuifikisha kwa watazamaji mwaka 2021. Mrusi Yuri Norstein yumo kwenye filamu yake ya The Overcoat tangu mwaka 1981 na hajaimaliza. Mkulima aliyewahi kuacha korosho zake ghalani akasubiri mnada, kisha akasubiri malipo, atawaona hao ni wenzake.

Kibali

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha, na mwombaji hutakiwa kueleza filamu yake inahusu nini. Hapa ndipo wengi hukwama. Eleza ukweli, kwa lugha ya ofisi: "Shetani mwenye mguu mmoja anakula sikio lake. Sikio linaota tumboni na kuwa mkorosho. Mkorosho unakwenda mnadani kwa miguu." Chini yake, palipoandikwa mafunzo kwa jamii, andika "umuhimu wa kilimo". Haitakuwa uongo.

Suala la umri lisikutie hofu. Watu wakisikia filamu ya watu wazima wanafikiria jambo moja tu, na watakapokuja wakakuta muhogo unaooza kwa dakika tano, wapo watakaodai kiingilio chao. Kuna utu uzima mwingine. Mkenya Ng'endo Mukii alitoa Yellow Fever mwaka 2012, dakika kama saba za michoro, miili inayocheza na sauti za ndugu zake mwenyewe, kuhusu wanawake na mkorogo. Kuna mtoto ndani yake anayesema anataka kuwa mweupe. Hakuna aliyevua nguo kwa ajili ya kumfurahisha mtazamaji, wala hakuna anayehubiri, na ukitoka hapo unaliangalia kabati la vipodozi nyumbani kwa jicho jingine. Filamu ile inafaa watu wazima kwa sababu inawasema watu wazima.

Na hapa kejeli naiweka chini kidogo. Midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, usiiguse kwa ujanja. Nyuso zile, ngongoti zile zinazopita juu ya paa, zina wenyewe, zina wakati wake na zina mambo yasiyosemwa mbele ya ambaye hajapita jandoni au unyagoni. Ukiitaka kwenye filamu, nenda kwa wazee, kaa chini, sema shida yako, na wakikataa, wamekataa. Utakachojifunza kwenye mkeka ule ni kwamba watu wa uwanda huu walishagawa zamani kipi ni picha ya mtoto na kipi ni picha ya mkubwa, kwa umakini ambao bodi yoyote ya filamu ingeutamani. Mtoto alikimbia aliposikia ngoma. Mkubwa alibaki, akaogopa, akacheka, na hakumwuliza mtu maana yake.

Kuionyesha

Usianzie Annecy, ingawa tamasha lao la katuni lipo tangu mwaka 1960 na chakula kinasemekana ni kizuri. Anzia kwenye banda umiza. Mabenchi, turubai dirishani, spika iliyopasuka, na mwenye banda anayetaka kujua kama kuna mapigano. Mwambie yapo. Shetani anapigana na sikio lake.

Tena usimpe filamu yenye maneno. Mwaka 2025 filamu ya Latvia iitwayo Flow, ya paka mmoja na mafuriko, ilichukua Oscar bila mhusika hata mmoja kutamka neno, na ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo wewe pia unaipata bure. Lakini sababu yangu si Oscar. Sababu yangu ni mtafsiri. Wale waliokulia kwenye mabanda ya Dar wanamkumbuka Lufufu, jinsi alivyoketi na maiki akamfanya mwigizaji wa Hong Kong agombane kwa Kiswahili cha Kariakoo, akaongeza methali, akamtukana adui, akamkumbusha mtazamaji ya nyuma. Kumpa mtu wa kipaji hicho filamu isiyo na maneno wala hadithi ni kumfungulia ghala. Jicho kubwa litakapotokea kwenye skrini, yeye ndiye atakayesema ni karani wa mizani. Mdomo usioshiba ataupa jina la mtu ambaye banda zima linamjua. Wewe uliyetumia mwaka mzima kukwepa maana utaisikia ikimiminwa na mwenye maiki, kila usiku ya kwake, na hutakuwa na haki ya kulalamika.

Kuna atakayeuliza tunajifunza nini. Yupo siku zote, huketi benchi la pili. Waache majirani zake wamjibu; wakinamama wazee hasa, wale walioshaona sura mbaya kuliko hizo zikija kijijini kwa ngoma, hawatapata shida yoyote kuielewa filamu yako, na watakukosoa mahali ambapo shetani wako ametembea kama mtu.

Ushauri wa mwisho ni wa tarehe. Usionyeshe mwezi wa tano, watu hawana kitu. Subiri msimu, subiri mnada, subiri fedha ziingie kwenye simu za wakulima, kisha ubandike tangazo stendi ya Newala: kiingilio mia tano, watoto hapana.